Kumbe Fundi Naye Anapiga Ukulele

“Arobaini na moja! Arobaini na moja ni nani na nani? Mikono juu, tusipotezeane muda!”

Sista alinyoosha mkono huku anacheka, ukulele ameubana kwapani. Ukumbi mzima ulikuwa unavuma. Watu zaidi ya mia tatu, kila mmoja na gitaa lake dogo la nyuzi nne. Huyu anakaza nyuzi, yule anatafuta sauti, kule nyuma kina mama watano wanapiga wimbo mmoja kila mtu na mwendo wake, na hakuna anayejali. Sista alikuwa nesi, mkuu wa wodi ya watoto, na alikuwa amesafiri saa sita na wenzake wa kikundi kuja kwenye tamasha hili la siku tatu. Tangu ashuke kwenye basi walilokodi, mashavu yalikuwa yanamuuma kwa kucheka.

Mashindano yenyewe yalikuwa hivi: unachukua kikaratasi chenye namba, mwenye namba kama yako ndiye mwenzako, na Jumapili mchana mnapanda jukwaani wawili mpige wimbo mmoja.

Upande wa pili wa ukumbi mkono mwingine ukainuka.

Sista aliacha kucheka. Mkono ule aliujua. Ulikuwa na kovu refu kutoka kwenye kiganja hadi karibu na kiwiko, na aliyeshona jeraha lenyewe alikuwa yeye mwenyewe, miaka minane nyuma, siku fundi mmoja wa lifti alipoletwa zahanati anachuruzika damu, na badala ya kulia akawa anauliza kama nesi ana mchumba.

“Mungu wangu!”

“Unamjua?” aliuliza Daktari. Huyu alikuwa daktari wa meno, kiongozi wa kikundi chao, mtu wa sauti nzuri na mashati yaliyopigwa pasi ikakubali.

“Mume wangu.”

“Yule wa...”

“Ndiyo. Yule wa Jumatano.”

Jumatano ijayo, saa nne asubuhi, Sista na mumewe walitakiwa mahakamani kumalizia talaka. Miezi kumi na minne walikuwa hawajaonana uso kwa uso. Na sasa huyo hapo anakuja, Fundi yuleyule, bega moja chini moja juu, mkononi ameshika ukulele kama mtu aliyeshika mtoto wa jirani.

“Habari yako, Sista.”

“Nzuri. Umefuata nini huku?”

“Nimekuja kupiga.”

“Kupiga nani?”

“Ukulele.”

“Wewe? Wewe uliyekuwa unapiga makofi nje ya mdundo kwenye harusi yako mwenyewe?”

“Nimejifunza,” Fundi alisema, na masikio yakamwiva.

Sista alimgeukia mama msimamizi aliyekuwa anaita namba.

“Mama, tunaomba utubadilishie.”

“Kwa nini? Mnagombana?”

“Tumeoana.”

“Si ndiyo hayohayo!” Mama alicheka mpaka akashika meza. “Hakuna kubadilisha, mwanangu. Arobaini na mbili!”

*

Jumamosi asubuhi walikutana kufanya mazoezi kwenye ngazi za nyuma ya jiko. Kila kona ya uwanja ilikuwa inalia nyuzi. Chini ya dirisha mzee mmoja alikuwa anawafundisha watu ishirini kupiga mdundo wa haraka, nao wanakosea kwa pamoja na kushangilia kwa pamoja. Sista alikuwa ameapa kununa, lakini mguu wake ulikuwa unadunda wenyewe.

“Tupige nini?” Fundi aliuliza.

“Nina wimbo niliwatungia watoto wodini. Wa sindano. Ni mwepesi, hata wewe utauweza.”

Akaupiga mara moja. Fundi akasikiliza, akainamisha kichwa, kisha akaingia. Hakuwa na mbwembwe, ila vidole vyake havikuteleza hata kidogo. Sista alipofika kiitikio akaongeza mwendo, kama kawaida yake.

“Unakimbia,” Fundi alisema.

“Nani anakimbia?”

“Wewe. Hapo kwenye ‘fumba macho’. Tulia, nimekushikia mdundo.”

Sista alimtazama huyu mtu kama anamwona leo. Wakarudia. Wimbo ukakaa vizuri kiasi kwamba mpishi mmoja akatoa kichwa mlangoni na mwiko mkononi akasema, “Hapo hapo! Msiuharibu!” Wote wawili wakacheka kwa pamoja kabla hawajakumbuka kwamba hawachekeani.

“Nani kakufundisha?”

“Mzee mmoja mwenye duka la vyombo vya muziki. Alikwama kwenye lifti, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa mbili nzima. Nikawa naongea naye kupitia mlangoni ili asiogope. Akaniuliza, una mke? Nikasema ninaye, ila anaishi mbali. Akaniuliza, huwa unamwambia nini akiwa mbali?”

“Ukamjibu nini?”

“Nilikosa jibu. Nilipomtoa akanipa huu ukulele, akasema nije dukani kila Alhamisi.”

Sista aliangalia nyuzi zake.

“Na tulipokuwa karibu, ulikuwa unaniambia nini?”

Fundi alianza kukaza uzi uliokuwa umeshakazwa.

“Ona sasa! Ndiyo huko kunyamaza kwako. Nilikuja na barua ya kupandishwa cheo na kuhamishiwa mji mwingine mkononi, nimekimbia kutoka stendi. Ukasema ‘nenda’. Neno moja! Ukarudi kuangalia mpira.”

“Sikuwa naangalia mpira.”

“Tivii ilikuwa inalia!”

“Tivii ilikuwa inalia, macho nimeyakodoa, lakini mpaka leo sijui nani alicheza na nani.” Fundi aliushusha ukulele magotini. “Ulikuwa unang’aa, Sista. Nikasema moyoni, nikimwambia naumia hataenda, halafu atanichukia maisha yake yote. Nikaona bora niseme nenda.”

“Mimi nilifunga sanduku wiki tatu. Sanduku moja! Kila siku naweka blauzi moja, nakaa hapo kitandani nikusubiri useme neno. Blauzi ziliisha hujasema.”

“Sikujua.”

“Hukuuliza.”

Hapo mama msimamizi akaita watu wote uwanjani kwa wimbo wa pamoja. Fundi akainuka kwenda kunawa uso bombani, simu yake akaiacha kwenye ngazi. Ikalia tii, kioo kikawaka. Sista hakutaka kusoma, ila macho hayana pazia.

*“Kaka vipi na arobaini na moja wako? Msiniangushe, vikaratasi vyenu nililala navyo ndani ya sidiria 😂😂”*

Aliyeandika alikuwa Msusi, mdogo wake Fundi.

Fundi aliporudi, Sista alikuwa amesimama.

“Kumbe mmenipanga!”

“Kupanga nini?”

“Soma mwenyewe! Nikafikiri umekuja kwa ajili ya muziki. Umekuja kunichezea akili, siku nne kabla ya mahakama!”

“Sista, sikiliza...”

“Miaka sita nimesikiliza, hukusema kitu! Leo ndiyo nisikilize?”

Akaondoka, ukulele unamgonga nyonga.

*

Alimkuta Msusi kwenye meza ya kuandikisha wageni, kumbe ni mmoja wa wasaidizi wa tamasha, anamsuka mtoto wa mtu mstari mmoja huku anagawa ratiba.

“Wifi!” Msusi aliruka kumkumbatia. Sista akarudi nyuma.

“Ulijua nakuja.”

“Nilijua. Wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu.”

“Na kaka yako ukamwambia.”

“Thubutu! Ningemwambia angejifungia kwenye lifti. Hajui chochote, wifi. Nilimdanganya kwamba nahitaji mtu wa kunibebea mizigo, nikamwambia aje na ukulele wake apige kidogo. Na kwenye namba, kosa ni langu peke yangu; nilificha vikaratasi viwili, nikamtuma mtu awapelekee.”

“Wewe ni mwongo.”

“Mwongo, lakini wifi yako. Mpaka Jumatano.”

Sista alitaka kukasirika, midomo ikamsaliti.

“Kwa nini umefanya hivi?”

Msusi alimwachia mtoto akimbie, nywele nusu zimesukwa.

“Kwa sababu nimechoka kuwa posta. Wewe unanipigia Jumatatu: ‘Wifi, huyo kaka yako anakula?’ Yeye Jumanne: ‘Hebu mpigie yule, juzi ulisema anakohoa, kapona?’ Wewe: ‘Usimwambie nimeuliza.’ Yeye: ‘Usimwambie nimeuliza.’ Jamani! Watu wanaotaka kuachana ndivyo walivyo? Kama hamtakani, achaneni. Ila mwambiane usoni, msinipitishie mimi.”

Sista alikaa kwenye kiti.

“Aliuliza kikohozi changu?”

“Mara tatu kwa wiki moja.”

*

Jumapili watu waliamka na homa ya mashindano. Kwenye foleni ya chai wanapiga, kwenye foleni ya choo wanapiga. Daktari alimfuata Sista pembeni na vikombe viwili.

“Nimezungumza na mama msimamizi. Mwenzangu anaumwa tumbo. Ukitaka, nitapanda na wewe.”

“Asante, Daktari.”

“Na kuna jambo nilitaka kukuuliza. Nilikuwa nasubiri Jumatano ipite.”

Sista aliipokea chai, akaitazama, hakuinywa.

“Usiniulize.”

Daktari alitikisa kichwa taratibu, akajilazimisha kutabasamu.

“Basi nimeshajibiwa. Nenda ukafanye mazoezi. Kwenye kiitikio usikimbie.”

Sista akachukua simu, akamwandikia Fundi: *“Uko wapi? Zamu yetu inakaribia.”*

Jibu likaja papo hapo: *“Nyuma ya jukwaa. Tangu saa moja asubuhi.”*

Alimkuta amekaa juu ya boksi la spika, shati limelowa jasho.

“Msusi kaniambia,” Sista alisema. “Hukujua kitu. Nimekukosea.”

“Hukukosea. Ningekuwa mtu wa kusema, ungeniamini.” Fundi alisimama. “Sasa nataka kusema kabla hatujapanda, maana nikishuka nitaogopa tena. Usinikatize.”

“Sikukatizi.”

“Sitaki talaka. Sijawahi kuitaka hata siku moja. Ile karatasi ya mahakama ilikuja na jina langu wamekosea herufi, nikafurahi kama mjinga, nikadhani labda si mimi. Kila ninachopika kinabaki nusu. Nataka kuhamia unakoishi. Lifti ziko kila mahali. Nimeuliza, hata hospitali yenu inazo nne, na mbili ni mbovu.”

“Uliuliza lini?”

“Mwaka jana, mwezi wa tano.”

Sista alifungua mdomo.

“AROBAINI NA MOJA!” maiki ikanguruma. “Jukwaani!”

Hapakuwa na nafasi ya kujibu. Wakapanda. Watu mia tatu mbele yao, na Msusi ameshapanda juu ya kiti. Sista alipiga mstari wa kwanza, na kweli mwendo ukaanza kumponyoka. Akamsikia Fundi pembeni anagonga ule mdundo wake, tulivu, kama mtu anayekungoja mlangoni. Akatulia. Walipofika “fumba macho, hesabu tatu, sindano imeshatoka”, mtu mmoja chini akadakia. Kisha kumi. Mara ya tatu ukumbi mzima ulikuwa unapiga, ukulele mia tatu na ushee, sakafu inatetemeka, wazee wanapiga miguu, mpishi anagonga mwiko kwenye sufuria.

Vigelegele vilipolipuka, Sista alimvuta Fundi sikio.

“Mbovu ni tatu!”

“Nini?”

“Lifti! Ya tatu imekufa mwezi uliopita! Watoto tunawapandisha kwa ngazi, mgongoni!”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo njoo, mume wangu!”

Fundi alimnyanyua juu na ukulele wake, mbele ya watu wote. Walishika nafasi ya nne, na hakuna mshindi wa kwanza aliyewahi kushangiliwa vile. Daktari alipiga makofi hadi mwisho.

*

Fundi alifika nyumbani kwa Sista Jumanne na mabegi mawili. Jumatano saa nne waliingia mahakamani pamoja, na karani akasukuma kalamu mbele yao.

“Tumekuja kuomba kesi iondolewe,” Sista alisema.

Karani alivua miwani. “Mna uhakika? Mkirudi tena mtaanza upya.”

“Hatutarudi,” Fundi alijibu. “Tunaomba utufanyie haraka kidogo, mzee. Mke wangu anaingia zamu saa nane.”

Walipotoka, kwenye korido, Sista alianza kulia, kwa furaha na kwa miezi yote ile. Zamani Fundi angesimama tu na kutazama viatu. Safari hii alimshika mkono akaanza kusema. Alimwambia anaogopa mji mgeni. Alimwambia nyumba ilivyokuwa bila yeye, na kwamba usiku wa kwanza alilala na taa, na kwamba wali bado unamshinda. Alisema mambo ya maana na ya kipuuzi, yote kwa pamoja, wakashuka ngazi, wakavuka barabara, wakapita benki na duka la dawa, na bado anasema.

Sista hakumkatiza hata mara moja.