Mama Aliyeombewa Dua Akiwa Hai

Paa la Nthenya halikuvuja, lakini sakafuni palikuwa na nyayo mbichi. Zilitoka mlangoni hadi kitandani, na hazikurudi.

Layla aliziona, akazipita kando. Walikuwa wageni wa mvua: yeye, mumewe Ismael, na shangazi yake Habiba. Walitoka Machakos mjini asubuhi kutembea kwa mashua kwenye bwawa la Masinga. Mawimbi yalipochafuka, nahodha wao, Kaloki, aliwashusha kwenye mji huu wa wavuvi, upande ambao Ismael alikuwa amemsihi asiukaribie.

Nthenya, mama wa kukaanga samaki, ndiye aliyewafungulia. Alimtazama Ismael akivua viatu. Akamtazama tena.

"Kujeni ndani, mtashikwa na baridi. Na huyu bwana anatoka wapi?"

"Mombasa," Ismael alijibu, macho chini.

Nthenya akarudi kwenye karai lake. Akamgeuza samaki ambaye alikuwa amekwisha kumgeuza.

Nthenya alikuwa mama mzazi wa Ismael. Miaka mitatu nyuma, alipokwenda kuposa kwa kina Layla, watu wa maduka makubwa mjini, Ismael aliona haya kusema ana mama anayenuka samaki. Akasema amekufa. Wakamwombea dua, na Layla mwenyewe akapika pilau ya siku hiyo huku akilia.

"Mama, hizi nyayo ni za nani?" Habiba aliuliza.

"Sijui. Sasa ni miaka tatu. Mvua ikinyesha inatoka kwa maji, inakuja inakaa hapo kwa kitanda yangu. Haijawahi nigusa." Nthenya alishusha sauti. "Ni kama inangoja."

Hapo ndipo harufu ya tope la chini ya bwawa ilipojaa chumbani, nzito, ikizima hata harufu ya mafuta ya moto, na Layla akarudisha kichwa nyuma, maji meusi yakaanza kumtoka mdomoni na kumtiririka kifuani bila kukoma, na katikati ya maji hayo ikasikika sauti ambayo haikuwa yake.

"Nilisikia hapa kuna maiti. Nimekuja, namkuta anapumua. Ningoje hadi lini? Au nimchukue huyu?"

Habiba alianza kusoma Ayatul Kursi, aya ya kinga. Sauti ilififia, kisha ikarudi palepale: "Nani alisema amekufa?"

"Ismael," Habiba alinong'ona, "inamuuliza nani?"

Midomo ya Layla ilikuwa imegeuka rangi. Hata hapo, mkewe akizama ndani ya nyumba kavu, kilichomfunga Ismael mdomo kilikuwa kwamba shangazi atajua; akautazama mlango, akalitazama karai, akamtazama yule mama mzee aliyekuwa amekishika kichwa cha Layla kwa mikono miwili kama cha mwanawe, na hatimaye akapiga magoti mbele yake.

"Ni mimi. Nilidanganya. Huyu ni mama yangu. Mwaitu, mama, nisamehe."

Maji yalikatika.

"Basi hapa sina maiti," sauti ilisema, karibu kwa upole. "Nitafuatana na aliyeniita."

Layla akakohoa, akavuta pumzi. Nthenya alimfunga leso kavu na kumlaza. Kisha akasema bila kumtazama mwanawe, "Nilikujua ukivua viatu. Nikangoja useme mwenyewe."

Alasiri mvua iliisha. Layla alikataa kuondoka.

"Nitalala kwa mama," alimwambia mumewe. "Nilimlilia. Acha sasa nimjue."

Habiba naye alibaki. Alifunga mlango bila kumuaga.

Ismael aliteremka peke yake hadi ufukweni, akaketi kwenye mashua. Kaloki alikuwa akichota maji ya mvua ndani yake kwa kopo, akahisi mashua ikizama kidogo upande wa nyuma, kisha ikizama tena. Akainua macho.

"Bwana, mwambie huyo nyuma yako avae jaketi ya kuelea."

Ismael hakugeuka. Shingo yake ilikuwa imelowa.

"Twende tu," alisema polepole. "Tuko pamoja."