Herufi Nne za Kufuli la Bomba

Jumanne, tarehe tatu, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Asubuhi tulikuta bomba la mtaa limefungwa kwa kufuli la kuzungusha herufi nne. Mwenyekiti wa kamati ya maji alilifunga usiku, akasafiri, akazima simu. Ndio wakubwa wetu hao. Nyumbani mwanangu mdogo alikuwa anaharisha. Nesi alisema anywe maji ya bomba yaliyochemshwa kila mara, na mtungi ulikuwa mkavu. Mama yao angehangaika vizuri zaidi. Mimi mgane nilikuwa nimechoka tu.

"Herufi nazikumbuka," alisema mlinzi wa bomba. "A mbili, K na T. Mpangilio ndio umenitoka."

"Umeunywa na chai, mzee?" fundi viatu akamtania.

Nikamwachia binti yangu wa darasa la sita kazi ya kujaribu mipangilio, nikarudi kumwangalia mdogo wake. Baadaye akaja na ndoo tupu.

"Baba, nimejaribu zote ishirini na nne. Halifunguki."

Nikabeba ndoo twende mtoni, kulekule kulikomletea mtoto ugonjwa. Kwenye foleni ya bomba, mwalimu wa hesabu wa binti yangu akatusimamisha, binti akamweleza kuwa amejaribu zote ishirini na nne.

"Ishirini na nne umezipataje?"

"Nne mara tatu mara mbili mara moja, mwalimu."

"Hiyo ni kama herufi zote ni tofauti. Hapa A ziko mbili. Ukizibadilisha nafasi zenyewe kwa zenyewe, kuna kipya?"

"Hakuna."

"Basi gawa kwa mbili."

"Kumi na... mbili."

"Sasa hizo nyingine ulizijaribu wapi, mama?"

Binti akainamia vidole vyake. "Nilijaribu tano tu. Vidole viliuma, halafu watu wakanicheka. Nisamehe, baba."

Hata nguvu ya kugomba sikuwa nayo. Wakachuchumaa wawili, wakaanza upya kwa utaratibu: A ikiwa mbele, mipangilio sita. K mbele, mitatu. T mbele, wa kwanza haukukubali. Wa pili, kufuli likaachia. Jioni mtoto alikunywa maji safi yaliyochemshwa, na kesho yake akaomba chakula.

"Kuchoka si kosa," mwalimu alimwambia binti. "Ukifanya tano, sema tano, mwenzako aendelee hapo. Uongo wako ulikuwa unampeleka mdogo wako mtoni tena."

Mwenyekiti aliporudi, alifoka: "Nani kafungua?"

"Ni mimi," binti yangu akajibu, mbele ya watu wote.

Nami nikamgeukia mwenyekiti, nikamuuliza: na wewe, mheshimiwa, nani alikutuma ufunge?