Siku Sajini Alipoingia Kisimani

Kila asubuhi ya likizo ile ya Agosti, Muthoki aliamka, akafagia uwanja, akawasha jiko na kupika chai. Baba yake, Musyimi, alitoka nje akijinyoosha, akatazama mawingu yasiyo na dalili ya mvua, kisha akasema maneno yaleyale ya jana na juzi.

"Haya, Muthoki, leo tutembee."

"Sawa, Baba."

Basi, mazungumzo ya asubuhi yalikuwa yamekwisha.

Musyimi alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya Mwingi kwenda Garissa. Barabara hiyo aliijua shimo kwa shimo, lakini kukaa nyumbani na msichana wa miaka kumi na mmoja ilikuwa kazi mpya kwake. Mama Muthoki alikuwa amefariki mwezi wa Aprili, na shule zilipofungwa hakukuwa na mtu wa kubaki na mtoto. Musyimi akaomba likizo kwa tajiri wake. Ugali aliweza kuusonga, ingawa ulitoka mgumu wa kuvunjia kioo. Kusuka nywele kulimshinda kabisa. Kwa hiyo alifanya lile aliloliweza, akamtembeza bintiye. Walipanda vilima, wakaokota ukwaju, wakaenda soko la mbuzi mjini Mwingi kuwatazama madalali wakizozana.

Muthoki alikwenda kote huko. Hakukataa, na wala hakufurahi. Watu wa kanisani walimsifu wakisema, "Huyu mtoto ni jasiri, tangu mazishi hajalia." Ujasiri gani! Muthoki alikuwa amekufa ganzi tu. Alikula bila kusikia ladha. Alijikwaa kidole kikatoka damu, naye akakitazama kana kwamba ni kidole cha mtu mwingine.

Wakati huo ndipo Mwalimu Kanyiva, jirani yao aliyestaafu, alipokuja na mbwa wake. Mwalimu alikuwa anasafiri kwenda Nunguni kumwuguza dada yake, na mbwa hakuwa na pa kukaa. Aliitwa Sajini. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya udongo, na sikio lake moja lilikuwa limelala. Jina lake lilimzidi mbali, maana kuku mwenye vifaranga akimtunishia mabawa, Sajini alikimbilia nyuma ya gauni la Mwalimu.

"Muthoki mwanangu, nakuachia askari wangu," alisema Mwalimu Kanyiva. "Mpe chakula asubuhi na jioni. Na mkienda mtoni mshike kamba, usiiachilie hata kidogo. Huyu akiona maji hana adabu."

"Sawa, Mwalimu," alijibu Muthoki.

Musyimi alifurahi. Alidhani mbwa angemchekesha bintiye. Sajini alijitahidi kweli, akaiba soksi, akafukuza mkia wake, akabwekea sufuria. Muthoki alimtazama tu.

Mto wa kwao wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu, mpana na mweupe. Maji yamo, ila yako chini. Watu huchimba shimo mchangani hadi maji yachimbuke, nalo ndilo kisima chao. Visima huwa viwili. Cha mifugo kiko upande wa chini, kiko wazi, na punda na ng'ombe hunywa humo. Cha watu kiko upande wa juu, kimezungushiwa ua wa miiba, na mlango wake ni tawi kubwa la mgunga. Ukishachota, unalivuta tawi na kuziba.

Tena kuna desturi ambayo kila mtoto wa pale anaijua kabla ya kujua kuandika jina lake. Kisima cha watu kikiingia uchafu, aliyekichafua ama aliyeona hupiga kelele papo hapo, "Kisima kimeharibika!" Watu huja na karai na koleo, wakayakomba maji yote na kuusubiri mchanga utoe mengine. Hakuna anayechapwa kwa kukichafua. Aibu ni ya anayenyamaza.

Asubuhi moja Musyimi na Muthoki walikwenda mtoni pamoja na Sajini. Njiani, kwenye kona ya mto, palikuwa na mzoga wa punda uliokuwa ukinuka vibaya, na Sajini alivutwa kwa nguvu ndipo akapita. Walipofika, simu ya Musyimi ililia. Alikuwa tajiri wake akimtaka arudi kazini kabla ya likizo kwisha. Musyimi akapanda ukingoni palipo na mtandao, akawa anabishana huku akitembea huku na huko.

Muthoki aliiachilia kamba. Hakukusudia, mkono tu ulilegea wakati mawazo yake yako mbali, mahali ambapo hata yeye hakupajua. Aliingia kwenye ua, akajaza mtungi wake wa plastiki na kutoka. Tawi la mgunga hakulivuta. Aliketi juu ya mtungi, akautazama mchanga.

Aliposikia maji yakipigwa chubwi, aligeuka. Lo! Sajini alikuwa kisimani, maji yamemfika tumboni, anatikisa mkia. Mdomoni alikuwa na kipande cha ngozi ya punda, kimeoza, kimejaa funza. Alikuwa amerudi kule kwenye kona, akajitwalia zawadi. Muthoki alipomvuta kwa kamba, Sajini alikiachia kile kipande, nacho kikazama.

Muthoki alisimama pale. Alijua kwamba ilimpasa kupiga kelele. Alingoja hofu imshike, haikuja. Alingoja aibu, nayo haikuja. Ndani yake palikuwa kimya. Akajiambia, mchanga huchuja maji, kila mtu anajua. Kesho yatakuwa safi. Akavuta tawi, akaziba mlango vizuri sana, akaondoka.

"Mbona Sajini amelowa?" aliuliza Musyimi alipomaliza na simu.

"Aliingia kisima cha mifugo, Baba."

"Asi! Mbwa huyu! Haya, twende."

Uongo ule ulimtoka kwa urahisi kama salamu, na Muthoki hakusikia chochote.

Njiani walikutana na jirani yao Ndinda, ambaye wote walimwita Mama Kiema, akiwa na mwanawe mgongoni na mitungi miwili mikononi. Kiema alikuwa na miaka miwili. Walikuwa wametoka hospitalini juzi tu, maana mtoto alikuwa ameharisha hadi macho yakaingia ndani.

"Anaendeleaje kijana wetu?" aliuliza Musyimi.

"Afadhali, Baba Muthoki. Daktari amesema tumbo lake halitastahimili maji machafu tena. Ameniambia niyachemshe kila mara, lakini kuni ndizo hizo mnazijua. Kwa bahati kisima chetu ni kisafi."

Kiema alinyoosha mkono kumwelekea mbwa. "Jini! Jini!" aliita, maana jina zima lilimshinda. Muthoki alitazama kando. Maneno yalikuwepo mdomoni, yalihitaji kusukumwa kidogo tu. Hakuyasukuma. Mama Kiema akashuka mtoni.

Alasiri, Musyimi alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, naye Muthoki ameketi mlangoni na Sajini. Kiema akatokea kwenye pengo la ua, anayumbayumba, ameshika kikombe cha plastiki kwa mikono miwili. Nyumba zao zilipakana, na mtoto alizoea kumletea mbwa zawadi.

"Jini, maji," alisema. Akamwagia mbwa kidogo mbele ya pua. Sajini akalamba. Kiema akacheka, kisha akakiinua kikombe kwenye mdomo wake mwenyewe.

Muthoki hakujua aliinuka saa ngapi. Alikipiga kile kikombe kikaruka hadi kwenye majivu. Kiema akaangua kilio. Mama Kiema alitoka mbio, leso imemfunguka.

"Wee Muthoki! Una nini na mtoto wangu? Mbona wamwaga maji yake? Kwani wewe ndiwe utakayenichotea mengine?"

"Amekunywa?" aliuliza Muthoki.

"Amekunywa nini?"

"Maji ya leo, Mama Kiema. Amekunywa ama hajanywa?"

"Hicho kikombe ndicho cha kwanza, ya jana yamekwisha sasa hivi. Kuna nini?"

Muthoki akasema yote. Kamba, tawi la mgunga, mbwa, ngozi ya punda. Sauti yake ilikuwa kavu, utadhani anasoma kitabu darasani. Mama Kiema alimsikiliza mdomo wazi, kisha akambeba mtoto na kumkumbatia kwa nguvu.

"Na tulikutana njiani," alisema polepole. "Ukatuona hivi, mimi na huyu. Ukanyamaza."

Musyimi alikuwa amefika, shoka mkononi, na alikuwa amesikia. Muthoki alimgeukia. "Nilikudanganya, Baba. Hakikuwa kisima cha mifugo."

Musyimi aliweka shoka chini. Ungedhani atamchapa, na pengine wewe ungetaka amchape. Hakumgusa.

"Ni nyumba ngapi zimechota leo, hatujui," alisema. "Basi tutapita zote. Mimi nitatembea nawe, lakini kusema utasema mwenyewe."

Wakapita nyumba kwa nyumba, jua likielekea kushuka. Kila mlangoni Muthoki alisema maneno yaleyale, "Kisima kimeharibika. Mbwa aliingia na mzoga. Mimi ndiye niliyeacha wazi, nikanyamaza. Tafadhali mmwage maji ya leo." Wengine walishukuru, wengine walifyonya. Mzee Nthiwa, aliyechotewa na wajukuu tangu asubuhi, aliinamisha mtungi mmoja baada ya mwingine, akayaacha maji yaende mchangani. Hilo lilikuwa gumu kuliko matusi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Kavindu, mwanamke mzee ambaye watoto wote walimwita Susu, yaani nyanya. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, na ulimi wake ulijulikana hadi Mwingi mjini.

"Na ulifikiri nini, msichana?" alifoka.

"Nilifikiri mchanga utayachuja, Susu."

"Aka! Mchanga huchuja maji yanayopita chini yake. Uchafu uliodondoka kisimani unabaki palepale, unaoza, na watu wanaunywa. Utoto huu utatuua! Lete karai hilo, na koleo lile. Twende!"

Wakaenda watu wengi. Walikomba maji yote, wakakitoa kile kipande cha ngozi na kukizika mbali, wakaondoa mchanga wa chini na ule wa kingoni. Muthoki alifanya kazi ndani ya shimo, tope hadi magotini. Susu Kavindu akatangaza kwamba kisima kipumzike hadi asubuhi, na kwamba tangu siku hiyo kila nyumba itachemsha maji ya kunywa au kuyatia dawa, naye mwenyewe angeleta dawa hiyo. "Na asiye na kuni aje kwangu, asijifanye bubu," aliongeza.

Asubuhi, Musyimi na Muthoki walikuwa wa kwanza kufika. Maji mapya yalikuwa yamechimbuka, na mchanga wa chini ulionekana wazi. Waliketi nje ya ua, Sajini amefungwa kwenye gogo kwa fundo ambalo hata lori lisingelikata.

"Baba," alisema Muthoki, "jana nilipomwona Sajini mle ndani sikusikia chochote. Hata Mama Kiema alipopita. Mimi ni mtu mbaya?"

Maneno ya namna hii hayakuwa kazi ya Musyimi.

"Hapana. Mimi pia nakula ugali siujui utamu wake. Nimempoteza mke, wewe umempoteza mama, na moyo umekufa ganzi. Hilo si kosa, mwanangu, na hatujui litaisha lini. Lakini sikiliza. Usingoje hadi moyo ukuume ndipo useme ukweli. Unaweza kungoja sana, na mtoto wa watu yuko na kikombe mdomoni. Jambo la haki unalifanya kwa sababu ni la haki, uwe unasikia kitu ama husikii. Jana ulichelewa, lakini ulisema, na ukapita kwenye milango yote ile. Mtu mbaya angebaki nyumbani."

Mama Kiema alifika na mitungi yake. Aliwasalimu kwa ufupi. Hasira bado ilikuwepo, haikufichwa. Akatazama maji, akatazama mteremko wa kisima, akamtazama Muthoki kwa muda.

"Njoo hapa," alisema. Akafungua leso mgongoni. "Nishikie huyu nichote. Na umshike vizuri."

Muthoki alinyoosha mikono. Kiema alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na alikuwa na joto la usingizi. Akamlalia begani, akamvuta sikio, akauliza, "Jini wapi?" Muthoki alifungua mdomo amjibu, lakini badala ya jibu kikatoka kilio, cha kwanza tangu Aprili, kikubwa, cha kumtikisa mwili mzima. Musyimi aliinuka amchukue mtoto.

"Mwache, Baba Muthoki," alisema Mama Kiema kutoka kisimani. "Hajamwangusha."