Chupa ya Alfalfa ya Vaileth

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa sare ya shule, Vaileth alikwenda jikoni kuitazama chupa yake. Ilikuwa chupa ya jamu iliyofungwa mdomoni kwa kipande cha chandarua, na ndani yake mbegu za alfalfa, mmea wa jamii ya kunde, zilikuwa zikichipua. Alitia maji yaliyochemshwa yakapoa, akatikisa, akayamwaga. Jioni alifanya vilevile. Pale kwao Kurasini, malori ya makontena yalipita tangu alfajiri na kuacha vumbi hadi kwenye vyombo. Hakuna mtoto mwingine aliyekuwa na shamba ndani ya chupa, na Vaileth aliringa nalo kwelikweli.

Kazi hiyo alifundishwa na Bi Zubeida, mwenye duka la viungo hapo mtaani. Mama yake Vaileth, Anjelina, alikuwa na ujauzito wa miezi saba, na kliniki walimwambia damu yake ni pungufu. Walimpa vidonge, wakamtaka pia ale mboga kwa wingi. Bi Zubeida aliposikia hivyo alimpa Vaileth mbegu, akamweleza kwamba vichipukizi vya alfalfa vina vitamini, madini na nyuzinyuzi za kusaidia tumbo. Akamwonya mambo mawili: asuuze kwa maji ya kuchemsha tu, na mama mjamzito asile vibichi. Vichemke kwanza kwenye supu.

Jumatatu gesi iliisha. Baba yake, Gaspar, karani wa yadi ya makontena, alisema itanunuliwa mwisho wa wiki. Kwa jirani kulikuwa na jiko la mkaa, lakini Vaileth aliona uvivu kwenda kuomba. Alichota maji kwenye pipa la uani, yale ya kudekia, akasuuzia chupa yake siku mbili. Jumatano vichipukizi vilikuwa virefu, ila vilitoa harufu kidogo. Kwa kuwa hakutaka kazi yake ipotee bure, alivichanganya kwenye kachumbari na kukamulia ndimu mbili badala ya moja.

"Bi Zubeida kasema vinalika vibichi hivi?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama," Vaileth akajibu, akitazama sakafu.

Mama alikula sahani nzima, akamsifu.

Ijumaa mama alianza kuhara na kutapika. Jumamosi asubuhi hakuweza kusimama, mwili ukimwaka homa, na baba akamkimbiza hospitali kwa bajaji huku Vaileth akimshika kichwa. Wodini walimtundikia dripu. Daktari alimuuliza kama mtoto anacheza tumboni, na mama akajibu kwa sauti ndogo kwamba hajacheza tangu jana.

Daktari aliuliza mgonjwa alikula nini. Baba alisema ni vile vichipukizi vya Bi Zubeida, aliyewadanganya kwamba vinaliwa vibichi. Akaapa kwamba duka lile lazima lifungwe. Vaileth alisikia yote, akasogea nyuma ya kitanda.

Muda si mrefu Bi Zubeida mwenyewe akatokea mlangoni na chupa ya uji, amepata habari kwa majirani. Baba alimzuia hapohapo.

"Rudi na uji wako, mama. Umeshatulisha vya kutosha."

Bi Zubeida alisimama tu, chupa ya uji mikononi, macho yakimjaa machozi. Vaileth hakuweza kuvumilia tena.

"Baba, ni mie. Yeye alinikataza," akasema huku analia. Akaeleza yote: maji ya pipa, harufu, ndimu mbili, na uongo aliomwambia mama.

Baba aliketi na kufunika uso kwa mikono. Daktari hakupoteza wakati. Aliagiza vipimo vingine na kubadilisha dawa. Bi Zubeida alibaki, akaketi kando ya Vaileth kwenye benchi.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kupita zote alizowahi kuishi. Jumatatu mchana homa ya mama ilishuka. Muuguzi Jesca alipima tumbo, akasikiliza, kisha akamwita Vaileth karibu.

"Mapigo ya moyo wa mtoto yapo, na yana nguvu," alisema. "Sasa nisikilize, binti. Alfalfa ni chakula kizuri. Lakini mbegu huchipua kwenye joto na unyevu, na vijidudu navyo hupenda hapohapo. Ndimu huficha harufu, haiui vijidudu. Usafi hauna njia ya mkato, na mjamzito ale vilivyoiva. Halafu jambo kubwa kuliko yote: ungesema Jumatano, mama yako asingefika hapa. Umesema Jumamosi, tukajua pa kuanzia. Ukikosea, sema mapema."

Baba alimgeukia Bi Zubeida, aliyekuja tena na uji, akamwomba radhi mbele ya wote. Vaileth alipiga magoti, naye akaomba.

"Nimekusamehe, mwanangu," Bi Zubeida akasema. "Ila mtaani nako walisikia kwamba nimemdhuru mama yako. Kesho tutapita wote wawili, nyumba kwa nyumba, uwaambie kwa kinywa chako."

Vaileth aliitikia. Mama akauvuta mkono wake, akauweka juu ya tumbo. Mtoto akapiga teke.