Tasnifu ya Marehemu Dada

Rafu ya tasnifu za afya ilikuwa na pengo la upana wa vidole viwili. Kwa ajili ya pengo hilo, binti wa mwaka wa kwanza alikuwa amekalishwa katikati ya maktaba ya chuo kama jambazi, begi lake limemwagwa mezani mbele ya watu.

"Ndiye aliyekuwa akiiulizia tasnifu iliyopotea," mhadhiri alimwambia Inspekta. "Nakala pekee! Kesho kamati ya nidhamu inamfukuza."

"Mimi ndiyo kwanza naingia, nyinyi mmeshahukumu?" Inspekta alikunja uso. Alivuta kiti, akakaa karibu na binti. "Mwanangu, uliitakia nini?"

"Aliiandika dada yangu, afande. Marehemu." Alianza kurudisha madaftari begini. "Alizunguka kwa wakunga akirekodi maneno yao. Juzi nimesoma makala mpya ya mwalimu huyu, maneno ya dada yamejaa humo, jina lake halimo. Nikaja kulinganisha, sikuikuta."

"Uongo mtupu!" mhadhiri alifoka. "Mimi ndiye niliyemsimamia dada yake!"

Inspekta alimgeukia mkutubi. "Kitabu kikitolewa kwa wizi, mlango wenu unalia?"

"Unalia, afande. Na haujalia."

"Basi kimo humu humu. Nieleze mnavyovipanga."

"Kwanza kwa somo. Afya huku, kilimo kule, kila kitabu na ndugu zake. Ndani ya somo, kwa herufi ya jina la mwandishi. Ndiyo maana msomaji haruhusiwi kurudisha kitabu rafuni, anakiacha mezani tukirudishe sisi. Kikiwekwa kwenye ukoo usio wake, mwanafunzi atakitafuta mpaka ahitimu."

"Na ukoo usiotembelewa kabisa?"

Mkutubi alicheka kwa aibu. "Sheria za kodi za zamani. Huko hata ufagio haufiki."

Hakutia chumvi. Walipofika huko, vumbi lilikuwa limelala juu ya kila kitu, isipokuwa sehemu moja ambapo lilikuwa limefutwa. Hapo, katikati ya majuzuu manene, kilichungulia kitabu chembamba chenye jalada la buluu. Binti alikitambua kabla hakijatolewa, akaanza kulia.

Inspekta alivaa glavu. Mtaalamu wa alama za vidole aliyefuatana naye akapaka unga kwenye jalada na kwenye chuma cha rafu, kisha akachukua alama za wote waliokuwepo.

"Mtu mwingine angekisukumia popote," Inspekta alisema, akitazama majina ya waandishi kushoto na kulia. "Huyu ameficha, na bado amefuata herufi. Ni mkono wa mtu aliyezoea vitabu."

Majibu yalipotoka, alimwita mhadhiri kwenye ofisi ya mkutubi.

"Alama za kwenye jalada ni zako."

"Bila shaka. Nilimsimamia."

"Na za kwenye chuma cha rafu?"

Mhadhiri alivua miwani, akaanza kuifuta.

"Unafundisha afya, mwalimu. Kwenye kodi ulifuata nini?"

"Labda nilipita tu."

"Ukapita kwenye vumbi lote lile, ukashika hapo tu?"

Mhadhiri alilegeza tai. "Niliowafundisha wamekuwa maprofesa, mimi bado nasahihisha mitihani. Makala ile ingenipandisha cheo. Marehemu alikuwa hana tena haja nayo..."

"Hana haja na jina lake?"

Mhadhiri aligeuzia uso dirishani.

"Mbona hukuichana ukamaliza kazi?"

"Sikuweza." Machozi yalimlengalenga. "Ni kitabu, afande. Nilikisahihisha kwa mkono wangu, ukurasa kwa ukurasa."

Inspekta alipiga meza. "Kitabu ukakionea huruma! Mtoto wa watu ukamtolea taarifa ya uongo polisi, ukasimama pale unamtazama anavyodhalilishwa! Simama. Uko chini ya ulinzi."

Nje, binti alimwona Inspekta akitia tasnifu kwenye mfuko wa vielelezo, akashtuka. "Mnamchukua dada tena?"

"Anakwenda mahakamani kusema, mwanangu. Na kamati yenu nitaikabili mwenyewe sasa hivi."

"Kikirudi, usikiache mezani," mkutubi alimwambia binti. "Utakirudisha rafuni wewe mwenyewe."

Kisha akaenda kwenye rafu ya afya. Vitabu vya jirani vilikuwa vimeanza kuegemeana. Akavisimamisha wima, akaweka kipande cha mbao katikati ili nafasi ya marehemu isizibwe.