Chiriku na Kisanduku Kilichokataliwa

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Chiriku dukani kwa mama yake ilikuwa ile ile. Alifuta vumbi kwenye mashine ya fotokopi, akapanga karatasi, kisha akawasha kompyuta. Aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Hata wateja wenye haraka walijikuta wakisikiliza habari za darasa lake zima.

Jumamosi hii hakusema neno. Hakuna aliyetambua hilo, maana macho yote yalikuwa kwa bibi yake.

Bibi aliketi kwenye benchi karibu na mlango, amejifunika shuka, akipumua kwa shida. Picha mpya ya kifua chake ilionyesha doa kwenye pafu. Daktari bingwa, ambaye angeondoka hospitalini jioni hiyo, alitaka kuona picha za zamani. Kama doa lilikuwapo tangu zamani, basi ni kovu tu. Kama ni jipya, Bibi angepasuliwa kifua, na kwa umri wake huenda asiamke. Picha hizo zilikuwa kwenye CD moja tu, na kompyuta za hospitali, mpya zote, hazikuwa na mahali pa kuitia.

"Leteni kwenye flashi," waliambiwa.

Mama alikuwa na kisanduku cheusi cha kusomea na kurekodi CD, kikuukuu, cha kuunganisha kwa waya. Mtaa mzima hapakuwa na kingine. Alipokichomeka, kikaguna, taa yake ya kijani ikapepesa, kisha kikanyamaza. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno: Kifaa hiki hakiwezi kutumika.

Alijaribu tena. Kikaguna, kikanyamaza.

Fundi wa kompyuta aliitwa, akaja mbio. Alibadilisha waya, akaizima kompyuta na kuiwasha. Maneno yakawa yale yale.

"Mama Chiriku, kuna mtu amegusa kitu humu? Ameweka programu yoyote?"

Mama alimgeukia binti yake. "Eti, Chiriku?"

"Mimi? Hapana, mama. Sijagusa."

"Mjukuu wangu hasemi uongo," Bibi alidakia, kisha kikohozi kikamkaba.

Chiriku aliinamia karatasi, akazipanga upya. Wiki iliyopita, mama alipokwenda sokoni, alikuwa ameweka programu ya kurekodi nyimbo kwenye CD ili awaringie wenzake. Mama alikuwa amekataza kabisa jambo hilo. Kwa hofu ya kukamatwa, Chiriku aliifuta folda ya programu ile chapuchapu, akadhani mambo yamekwisha.

"Basi lenzi ya ndani imekufa," fundi alisema. "Itabidi nikifungue. Ila nasema mapema, hivi vimebanwa kwa gundi. Kikivunjika, hakirudi tena."

"Fungua, fundi," mama alijibu. "Tutafanyaje?"

Fundi alitoa bisibisi nyembamba, akaichomeka kwenye ufa wa kisanduku. Plastiki ikalia. Bibi alifumba macho, na vidole vyake vikaikamata shuka kwa nguvu. Chiriku aliviona, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa adhabu yoyote.

"Usifungue!" alipiga kelele. "Fundi, usifungue! Ni mimi. Niliweka programu, halafu nikaifuta vibaya. Nimesema uongo, mama."

Mama aliudaka mkono wa fundi.

Fundi aliweka bisibisi chini. "Mtoto wewe! Ungeniacha niue kitu kizima!" Akavuta kiti. "Ulifuta folda peke yake? Basi mabaki yake bado yamo kwenye mipangilio. Kompyuta ikitaka kuongea na kisanduku, inaelekezwa kwanza kwa programu ambayo haipo. Haiipati, kwa hiyo inakikataa."

Aliyatafuta mabaki hayo, akayaondoa, akaiwasha kompyuta upya. Kisanduku kikaguna. Taa ikapepesa. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kisha CD ikaanza kuzunguka, na mbavu za Bibi zikajitokeza kwenye kioo, nyeupe katikati ya weusi. Mama akazinakili picha kwenye flashi, wakaondoka mbio.

Hospitalini, daktari aliziweka picha mbili sambamba, akazitazama muda mrefu. Chiriku alimshika bibi yake mkono.

"Ni lile lile," daktari alisema hatimaye. "Halijakua hata kidogo. Hili ni kovu, hapasuliwi mtu hapa. Kikohozi tutakitibu kwa dawa."

Mama alilia kwa furaha. Walipotoka nje, Chiriku alisubiri kugombezwa, lakini Bibi ndiye aliyesimama na kumshika bega.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Mimi nilificha kikohozi hiki miezi mizima, eti nisiwasumbue. Wewe ukaficha kosa usigombezwe. Nusura kifua changu kilipe yote mawili. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Nisamehe, bibi."

"Nimekusamehe. Lakini nilikutetea mbele ya watu, na hilo limeniuma kuliko kifua. Siku nyingine nikikutetea, mjukuu wangu, nataka niwe nasema kweli."