Glavu ya Kushoto

Watu wa sinema waliingia kijijini Lunca mwezi wa saba, wakati wa kukata majani ya ng'ombe, wakiwa na gari moja bovu na sare tatu za kuvalisha jeshi zima. Walikuwa wanatengeneza filamu ya mwanajeshi wa Romania aliyefia vitani huko Urusi, kisha akarudi kwao kunyonya damu. Damu yenyewe ilikuwa maji ya bitiruti yaliyokorogwa na jemu, na nzi waliipenda kuliko sisi tulivyoipenda filamu.

Saveta, bibi wa miaka sabini na saba, hakuwa na neno nao. Mjukuu wake Doru, aliyebaki naye peke yake duniani, alipewa kazi ya kulala ndani ya jeneza, na kulala kijana alikuweza. Mwongozaji, Cosmin, akawataka kina mama wamlilie huyo marehemu. Hapo pakazuka ubishi. Kwetu maiti huliliwa kwa jina, huambiwa ainuke awaone waliomjia, na jina la kubuni halina wa kuitika. Wakamgomea. Cosmin akasema basi wachague jina lolote wanalotaka, yeye jua linamkimbia.

"Toader," Saveta akasema.

Toader alikuwa kaka yake. Alikwenda vitani mwaka arobaini na mbili, Saveta akiwa na miaka minane, na hakurudi hata kama maiti. Hakuna aliyewahi kumlilia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na hakika. Siku hiyo Saveta alimlilia. "Amka, Toader, amka, dada yako amekuja." Jenereta ikazima, wakarudia. Ikazima tena. Mara sita alimwita, na mara ya sita hakuwa anaigiza. Maziko hayakupigwa picha kwa sababu mafuta yaliisha, na watu wa sinema wakafunga virago wakaondoka.

Kesho yake asubuhi Doru alikaa karibu na jiko. Joto la mwezi wa saba, na yeye anaongeza kuni. Alisema mkono wa kushoto una ganzi. Siku ya pili vidole vikawa vyeupe. Siku ya tatu ncha zikaanza kuwa nyeusi. Hakulalamika. Chakula kilipoa mbele yake.

Daktari wa mjini alimuuliza kama anafanya kazi kwenye majokofu ya nyama. Hii ni baridi ya theluji, alisema, ameiona kwa wapanda milima, na Ijumaa vidole vitakatwa. Asichoelewa ni kwa nini mkono wa kulia ulikuwa mzima kabisa.

Saveta alielewa.

Alifika nyumbani akafungua sanduku lake. Kaka yake alipoitwa jeshini, yeye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kufuma. Alimfumia glavu ya kulia, dole gumba limeenda upande, naye akaondoka nayo. Ya kushoto ilikuwa bado kwenye sindano treni ilipoondoka. Miaka sitini na tisa hakuigusa. Aliona akiimaliza hatakuwa tena na mtu wa kumngojea.

Sasa akafuma. Vidole vyake vikavimba, akafuma. Doru alikuwa kwenye benchi, macho hayapepesi.

"Kadonge," akasema.

Sindano zikasimama. Jina hilo Saveta aliitwa na mtu mmoja tu, zamani. Doru hakuwahi kulisikia.

Alhamisi adhuhuri akafunga uzi wa mwisho.

"Toader. Lete mkono."

Mkono wa kushoto ukanyooshwa. Mzito. Baridi kama mnyororo wa kisima. Akauvisha glavu taratibu, akaivuta hadi kwenye kifundo.

"Sasa nenda, kaka. Huyu ni wangu."

"Huko ni baridi, Kadonge."

"Najua." Alitaka kumwambia akae. Mungu amsamehe, alitaka. "Nenda."

Doru akalaza kichwa mezani. Alipoamka aliomba mkate. Mkono ulikuwa na joto na vidole vilikuwa vinarudia rangi yake, isipokuwa kile cha mwisho, ambacho mpaka leo hakisikii hata ukikichoma. Glavu haikuwepo. Saveta hakuitafuta. Hakulia pia, alikwenda kukamua ng'ombe, kwa kuwa muda ulikuwa umefika.

Majira ya baridi Cosmin aliileta filamu yake ukumbini kijijini. Ilikuwa mbovu hasa. Meno ya mnyonya damu yalimdondoka akiwa katikati ya kusema, na juu ya vita vya miaka ya arobaini ilipita ndege ya abiria. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha yakaja maombolezo ya kina mama, na ukumbi ukanyamaza. Kamera ikasogea polepole kwenye jeneza, ikatua kwenye mikono iliyokunjwa kifuani.

Doru akamwinamia bibi yake sikioni.

"Bibi, mimi siku ile sikuvaa glavu."

"Najua, mwanangu."

Zilikuwa mbili, za sufu ya kijivu. Ya kulia, dole gumba lilikuwa limeenda upande. Ya kushoto ilianza kwa mishono ya mtoto na kumalizikia kwa mishono ya kikongwe.